MIANDIKO YA KALE: Jinsi wataalamu wanavyosoma hati za Kilatini na kutenga halali na ghushi

MNAMO mwaka wa 1946, maktaba ya Kitivo cha Sheria katika Chuo Kikuu cha Harvard, nchini Marekani, ilinunua kipande cha ngozi kilichoandikwa Kilatini kwa dola 27 na senti 50. Hati hiyo ilielezwa kuwa nakala tu ya Magna Carta, ule mkataba wa haki wa Uingereza, iliyonakiliwa mwaka wa 1327. Maktaba iliipokea kwa maelezo hayo, na kwa karibu miaka 80 ikaendelea kuorodheshwa kama nakala.

Desemba 2023, Profesa David Carpenter wa King's College London alikuwa akipekua picha za hati kwenye tovuti ya maktaba hiyo alipoiona. Jicho lake lililozoea miandiko ya karne ya 13 na 14 lilimwambia kwamba hii haikuwa nakala ya kawaida. Alishirikiana na Profesa Nicholas Vincent wa Chuo Kikuu cha East Anglia kuichunguza, na Mei 2025 ikatangazwa kuwa hati ile ni asili, mojawapo ya saba pekee zilizosalia kati ya zile zilizotolewa na Mfalme Edward wa Kwanza mwaka wa 1300.

Ushahidi wao haukuwa wa kubahatisha. Vipimo vya ngozi, milimita 489 kwa 473, viliafikiana na vya asili nyingine zilizojulikana. Jina la mfalme, "Edwardus", lilianza kwa herufi E kubwa, na herufi za mstari wa kwanza zilikuwa zimerefushwa jinsi ilivyokuwa desturi ya hati za aina hiyo. Kwa kuwa wino ulikuwa umefifia, picha zilipigwa kwa miale ya urujuanimno, ambayo huonyesha maandishi yasiyoonekana vyema kwa macho matupu. Kisha maneno yakalinganishwa moja baada ya jingine na yale ya asili nyingine sita.

Hilo si jambo dogo. Magna Carta, iliyotolewa kwanza na Mfalme John mwaka wa 1215, ndiyo iliyoweka kwenye maandishi kwamba hata mfalme yuko chini ya sheria, na kwamba mtu huru hawezi kutiwa gerezani pasipo hukumu halali. Wazo hilo liliingia katika sheria za mataifa mengi yaliyowahi kutawaliwa na Uingereza, Kenya ikiwa mojawapo.

Elimu iliyowezesha ugunduzi huo huitwa paleografia, yaani elimu ya miandiko ya kale. Mtaalamu wa fani hii hukabiliwa na maswali matatu kila anapofungua mswada: Kumeandikwa nini? Kumeandikwa lini na wapi? Na je, ni kweli kwamba hati hii ni kile inachodai kuwa?

NGOZI NA WINO

Kabla ya Johannes Gutenberg kupiga chapa Biblia yake mjini Mainz, Ujerumani, katika miaka ya 1450, kila kitabu barani Ulaya kiliandikwa kwa mkono. Vingi viliandikwa juu ya ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi. Ngozi ilirowekwa katika maji ya chokaa, ikaparuliwa manyoya, ikavutwa kwenye fremu na kukwanguliwa kwa kisu chenye umbo la mwezi mwandamo hadi ikawa nyembamba na laini.

Hata baada ya kazi hiyo yote, pande mbili za ngozi hazilingani. Upande uliokuwa na manyoya huwa na rangi ya manjano kidogo na vitundu vidogo vidogo, ilhali upande wa ndani huwa mweupe zaidi. Watengenezaji wa vitabu walipanga majani ili kitabu kikifunguliwa, kurasa mbili zinazotazamana ziwe za upande mmoja. Ndiposa mtaalamu akikuta ukurasa wa manjano ukitazamana na mweupe, hushuku mara moja kuwa pana jani lililotolewa au kuongezwa.

Wino nao ulitokana na uvimbe unaoota kwenye miti ya mwaloni baada ya nyigu kutaga mayai humo. Uvimbe huo ulipondwa, ukachanganywa na chumvi ya madini ya chuma pamoja na gundi ya mti. Wino wa namna hii huuma ngozi na kuganda ndani yake, kisha miaka ikipita hugeuka rangi ya kahawia. Kalamu ilikuwa unyoya wa bata bukini uliochongwa ncha.

Hata mistari ya kuongoza mwandiko husema jambo. Hapo awali ilichorwa kwa ncha kavu, isiyoacha rangi. Kuanzia karne ya 12, wengi wakaanza kutumia risasi. Mwaka wa 1960, msomi Mwingereza Neil Ker alionyesha kwamba hadi mapema katika karne ya 13 wanakili walianza kuandika juu ya mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa, lakini baadaye wakawa wanaanzia chini yake. Kidokezo hicho kidogo kimewasaidia wasomi kukisia umri wa vitabu visivyo na tarehe.

HERUFI HUBADILIKA

Vitabu vingi vya enzi hizo havikuandikwa mwaka wala jina la mnakili. Kinachobaki kuhojiwa ni herufi zenyewe.

Baada ya dola ya Kirumi kuporomoka upande wa magharibi, kila eneo lilijiundia mtindo wake wa kuandika Kilatini. Uhispania ilikuwa na wake, Ireland na Uingereza zikawa na wao, na kusini mwa Italia, hasa katika monasteri ya Monte Cassino, ukastawi mwingine uliodumu kwa karne kadhaa. Mtu aliyezoea mtindo mmoja alitatizika kusoma mwingine, ingawa lugha ilikuwa ile ile.

Mwishoni mwa karne ya nane, katika himaya ya Mfalme Charlemagne, uliibuka mwandiko mpya wa herufi ndogo zilizo wazi, za mviringo, zilizotenganishwa vizuri. Mfano wake wa mapema unapatikana katika Biblia iliyoandikwa kwenye monasteri ya Corbie, kaskazini mwa Ufaransa, wakati wa Abate Maurdramnus, kati ya mwaka wa 772 na 781. Mtindo huo ulienea katika himaya nzima, na monasteri ya Tours, iliyoongozwa na msomi Alcuin wa York kuanzia mwaka wa 796, ikawa miongoni mwa vituo vyake mashuhuri.

Kuanzia karne ya 12, herufi zilianza kubanwa na kuvunjwa pembe, ukazaliwa mwandiko wa Kigothi. Kisha mwanzoni mwa karne ya 15, wasomi wa Florence, wakiwemo Poggio Bracciolini na Niccolò Niccoli, walichoshwa na msongamano huo. Waliiga mwandiko waliouona katika vitabu vikuukuu vya fasihi ya Kirumi, wakidhani ni wa Warumi wenyewe. Kumbe vitabu hivyo vilikuwa vimenakiliwa katika karne ya tisa hadi ya 12, kwa mwandiko ule wa himaya ya Charlemagne na warithi wake.

Wapiga chapa wa Italia waliufuata mtindo huo waliouhuisha wasomi wa Florence, na kutoka kwao ukasambaa duniani. Kiswahili, ambacho kwa karne nyingi kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kilikuja kuandikwa kwa herufi za Kilatini na wamishonari wa karne ya 19, kama vile Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka wa 1844. Kwa hivyo herufi ndogo anazozisoma msomaji wa makala haya ni vitukuu vya zile zilizochorwa na watawa wa Corbie na Tours zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.

VIJITI NA VIFUPISHO

Kusoma mwandiko wa Kigothi kuna mitihani yake. Herufi i, n, m na u zote huandikwa kwa vijiti vifupi vilivyosimama wima: i kijiti kimoja, n na u viwili viwili, m vitatu. Lau neno la Kiswahili "muumini" lingeandikwa kwa mtindo huo, msomaji angeona safu ya vijiti 14 vinavyofanana, na ingembidi aamue mwenyewe herufi ipi inaanzia wapi. Alama tunayoiweka leo juu ya i ilianza kama mkwaju mwembamba wa kumwokoa msomaji kutokana na msitu huo wa vijiti.

Fauka ya hayo, ngozi ilikuwa ghali na muda ulikuwa haba, kwa hivyo wanakili walifupisha maneno. Herufi p iliyokatwa mkia kwa mstari husomeka "per". Ikiwa na mkunjo unaotokea kushoto husomeka "pro". Na ikiwa na kistari juu husomeka "prae". Kamusi ya vifupisho iliyotolewa na Mwitaliano Adriano Cappelli mwaka wa 1899, ambayo wanafunzi huitumia hadi leo, ina takriban vifupisho 14,000.

Kosa la kusoma kifupisho kimoja laweza kugeuza maana ya hati. "Per" huonyesha kwamba jambo limefanyika kupitia kwa mtu fulani, ilhali "pro" huonyesha kwamba limefanyika kwa ajili yake au kwa niaba yake. Katika hati ya shamba, tofauti hiyo yaweza kuwa baina ya mjumbe aliyetumwa kulikabidhi na mwenyeji aliyekabidhiwa.

UGOMVI WA HATI ZA MASHAMBA

Hakika, fani hii ilizaliwa kutokana na ugomvi wa hati. Monasteri nyingi za Ulaya zilimiliki ardhi kwa misingi ya hati walizodai kupewa na wafalme wa kale. Baadhi zilikuwa halali. Nyingine zilitungwa na watawa wenyewe karne kadhaa baadaye, ama kwa tamaa, ama kwa kuwa hati za kweli zilikuwa zimeteketea au kupotea na walihitaji kitu cha kuonyesha.

Mwaka wa 1675, Daniel Papebroch, msomi wa Shirika la Yesu, alichapisha maandishi yaliyotilia shaka uhalali wa hati nyingi za kale zilizohifadhiwa na watawa wa Mtakatifu Benedikto. Dai hilo liliwagusa pabaya. Mmoja wao, Jean Mabillon, aliyeishi katika monasteri ya Saint-Germain-des-Prés jijini Paris, aliamua kujibu kwa utafiti badala ya matusi. Mwaka wa 1681 alichapisha kitabu kikubwa, De re diplomatica, chenye michoro ya miandiko ya karne mbalimbali.

Hoja ya Mabillon ilikuwa kwamba hati haihukumiwi kwa alama moja tu. Sharti zitazamwe zote kwa pamoja: mwandiko, ngozi, wino, muhuri, lugha, namna ya kutaja tarehe na majina ya mashahidi. Mghushi anaweza kuiga moja au mbili kati ya hizo, lakini ni vigumu aziige zote bila kujikwaa. Mabillon alikiri kuwa zipo hati za uongo, ila akaonyesha namna ya kuzitenga na za kweli. Papebroch alipokisoma kitabu hicho alimwandikia kukubali kwamba ameshawishika.

Hata kabla ya hapo, mbinu ya lugha ilikuwa imeshaangusha mojawapo ya hati mashuhuri zaidi za uongo. Kwa karne nyingi iliaminika kwamba Kaisari Konstantino, katika karne ya nne, alimkabidhi Papa Sylvester mamlaka juu ya Roma na nchi za magharibi. Mwaka wa 1440, Lorenzo Valla alionyesha kwamba Kilatini cha hati hiyo hakikuwa cha zama za Konstantino. Iliwataja wakuu wa Roma kwa cheo cha Kiajemi, "satrapi", na kuuzungumzia mji wa Konstantinopoli kana kwamba tayari ulikuwa makao makuu ya kidini. Leo wasomi wanakubaliana kwamba iliandikwa katika karne ya nane au karibu na hapo. Njia ya mwongo ni fupi, ingawa hii ilichukua miaka mia kadhaa kufika mwisho.

BIBLIA YA KILO 34

Mfano mwingine ni Biblia kubwa iitwayo Codex Amiatinus, iliyohifadhiwa katika Maktaba ya Laurentian mjini Florence. Ina uzito wa takriban kilo 34 na majani yake ni 1,030, yaliyogharimu ngozi za ndama zaidi ya 500. Ndiyo Biblia kamili ya Kilatini ya kale zaidi iliyosalia katika tafsiri ya Mtakatifu Jeromu.

Kwa muda mrefu iliaminika kuwa ni kazi ya Italia, kwani ukurasa wa kuitolea ulimtaja mtu aliyeitwa Petro wa Walombardi. Lakini katika miaka ya 1880, Mwitaliano Giovanni Battista de Rossi alitambua kwamba maneno hayo yameandikwa juu ya mengine yaliyokwanguliwa. Jina la kwanza lilikuwa la Abate Ceolfrith wa Waingereza. Ushahidi ulikamilika ilipogunduliwa kwamba shairi hilo la kutolea limenukuliwa, likiwa na jina la Ceolfrith, katika kitabu cha maisha ya abate huyo kilichoandikwa zamani na mtu asiyejulikana.

Hivyo ikadhihirika kuwa Biblia hiyo ilitengenezwa katika monasteri za Wearmouth na Jarrow, kaskazini mwa Uingereza. Ceolfrith, akiwa mzee, aliondoka nayo mwaka wa 716 kumpelekea Papa zawadi, akafia njiani mjini Langres, Ufaransa. Mwaka wa 2018 kitabu hicho kilirejeshwa Uingereza kwa maonyesho katika Maktaba ya Uingereza jijini London, zaidi ya miaka 1,300 tangu kiondoke.

VITABU CHINI YA VITABU

Kwa sababu ya uhaba wa ngozi, wakati mwingine kitabu kizima kilifutwa ili kiandikwe kingine juu yake. Mwaka wa 1819, Angelo Mai, aliyekuwa msimamizi wa Maktaba ya Vatican, aligundua sehemu kubwa ya kitabu cha Cicero kuhusu dola, ambacho kilidhaniwa kimepotea, chini ya maelezo ya Mtakatifu Augustino juu ya Zaburi. Alikichapisha mwaka wa 1822. Kwa bahati mbaya, kemikali zilizotumiwa na wasomi wa enzi hizo kuhuisha wino uliofutwa ziliacha madoa na kuharibu kurasa nyingi. Siku hizi kazi hiyo hufanywa kwa kupiga picha chini ya miale ya aina mbalimbali, bila ya kuigusa ngozi.

Makosa ya wanakili nayo yana manufaa. Mnakili aliyechoka huweza kuruka kutoka neno moja hadi neno jingine linalofanana nalo mistari miwili mbele, akaacha yote yaliyo katikati. Anayenakili kutoka kwake hurithi pengo hilo. Wasomi wakikuta vitabu kadhaa vyenye pengo lile lile, hujua kuwa ni vya ukoo mmoja. Katika karne ya 19, Mjerumani Karl Lachmann alikuwa miongoni mwa walioikuza mbinu hiyo, na mwaka wa 1850 akatoa shairi la Lucretius kwa kufuata nasaba za miswada yake.

ELIMU ILIYO HATARINI

Miswada iliyosalia ni sehemu ndogo tu ya ile iliyoandikwa. Orodha iliyoanzishwa na E. A. Lowe mwaka wa 1934, ya maandiko yote ya fasihi na dini ya Kilatini yaliyoandikwa kabla ya mwaka wa 800, ina takriban vitabu na vipande 1,800 pekee. Kutoka karne zinazofuata vipo vingi zaidi. Maktaba ya Vatican peke yake ina miswada ipatayo 80,000 ya lugha mbalimbali.

Vyuo vya kufunza kazi hii vipo, kikiwemo École nationale des chartes cha Paris, kilichoanzishwa mwaka wa 1821, na shule ya Vatican iliyofunguliwa mwaka wa 1884, miaka mitatu baada ya Papa Leo wa 13 kuwafungulia watafiti milango ya hifadhi yake ya nyaraka. Hata hivyo, masomo haya huwa ya kwanza kutazamwa pesa zinapopungua. Mwaka wa 2010, King's College London kilitangaza mpango wa kufuta nafasi yake ya profesa wa paleografia, iliyokuwa ya pekee nchini Uingereza. Wasomi kutoka mataifa mengi walilalamika, na baadaye chuo hicho kikawa tena na profesa wa fani hiyo.

Wapo wanaosema kwamba kompyuta itaifanya kazi yote. Programu kama Transkribus, iliyostawishwa katika mradi ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, zinaweza kusoma maelfu ya kurasa kwa muda mfupi. Lakini programu hizo hufundishwa kwa kurasa zilizokwisha kusomwa na binadamu, na zinapokosea huhitaji binadamu wa kutambua kosa. Aidha, kompyuta inayosoma maneno ya hati ya shamba haiwi imethibitisha kwamba hati hiyo ni ya kweli.

Kwa anayetaka kujaribu, mlango uko wazi. Maktaba nyingi, Vatican ikiwemo, zimeweka picha za miswada yao kwenye intaneti bila malipo. Wanafunzi huanza kwa ukurasa mmoja wa mwandiko wa karne ya tisa, ulio rahisi kusomeka, wakiunakili herufi kwa herufi na kuandika kila kifupisho kwa ukamilifu, kabla ya kuthubutu kuingia katika vijiti vya Wagothi. Huhitaji Kilatini cha kutosha na saa nyingi za kukaa kitako. Profesa Carpenter aliitambua hati ya Harvard kupitia picha ambazo mtu yeyote mwenye kompyuta angeweza kuzifungua.